Shingo Nyeusi ya Mtoto Si Uchafu

Jumamosi alasiri ndiyo siku ya kuoga sawasawa kwa watoto wengi wa Ukambani, mashariki mwa Kenya, maana kesho yake ni kanisa. Karai hutolewa uani, maji hupimwa kwa jagi kwa sababu ni ya kununua, na mtoto husuguliwa mpaka ang'are. Hapo ndipo nimekuwa nikiona jambo lile lile, Wote, Emali, Kitui mjini, hata kijijini kwetu. Mama anamaliza mwili mzima, kisha anarudi kung'ang'ana na shingo. Ngozi ya nyuma ya shingo ni nyeusi kuliko uso, imekuwa nene kidogo, ina mikunjo laini kama mahameli. Dodoki likishindwa, anachukua jiwe la kusugulia visigino. Mtoto analia, "Mwaitu, inauma!" Na mama, aliyechoka na kuona haya mbele ya mgeni, anamjibu kwamba amezidi uchafu.

Mtoto huyo hana uchafu wowote. Mara nyingi weusi wa namna hiyo huletwa na insulini iliyozidi katika damu. Insulini ni homoni ya kongosho inayofungulia sukari mlango wa kuingia katika misuli na seli za mafuta. Mwili ukianza kuikaidi, kongosho humwaga nyingine, na nyingine tena, na hiyo ya ziada huchochea ngozi ya shingoni, kwapani na kwenye kinena kukua kupita kiasi. Dalili ya mvua ni mawingu. Mtoto mnene mwenye shingo hiyo anahitaji kupimwa sukari na shinikizo la damu. Jiwe litamtoa ngozi, na weusi utarudi wiki ijayo.

Niseme msimamo wangu kabla sijaenda mbali. Katika Kitui na Makueni tumezoea kuhesabu njaa na unene kama maradhi mawili ya watu wa aina mbili, njaa ya maskini wa Mutomo na unene wa tajiri wa Nairobi. Si kweli tena. Mwili uliolelewa na ukame ndio unaodhurika upesi sana ukipata mafuta na sukari, na kubalehe ndio wakati madhara hayo yanapojitokeza. Nasi tumeamua kutomtazama mtoto katika miaka hiyo hasa, tangu amalize chanjo mpaka msichana arudi kliniki akiwa mjamzito.

Najua nitakayoambiwa. Kaunti zetu zinalia njaa, na wewe unaleta habari za watoto wanono? Swali hilo nalichukua kwa uzito, kwa sababu nimekaa mezani palipokuwa na chai ya rangi peke yake. Lakini jibu lake limo ndani ya njaa yenyewe.

Njaa zetu zilikuwa na majina

Mkamba haisahau njaa, huipa jina. Wazee walitusimulia Ngomanisye, ile iliyoenea kote mwishoni mwa miaka ya 1890. Wakaja na Atta ya 1961, iliyobeba jina la unga uliowaokoa watu. Kisha ikaja ya 1984, Nikw'a Ngwete, yaani nakufa nikiwa na pesa mkononi, kwa kuwa hata mwenye mshahara alizunguka dukani asipate cha kununua. Waliozaliwa mwaka ule ni akina mama na akina baba wa watoto ninaowazungumzia leo.

Mwili nao unakumbuka. Majira ya baridi ya 1944 na 1945, Wajerumani walizuia chakula kuingia magharibi mwa Uholanzi na watu wakaishi kwa viazi vichache na mizizi ya maua. Miaka 19 baadaye vijana wa kiume waliitwa kupimwa kwa ajili ya jeshi. Waliopitia njaa ile tumboni mwa mama zao katika nusu ya kwanza ya mimba walionekana kuwa wanene zaidi kuliko wenzao. Baadaye, wazee wa kizazi hicho walipopimwa, sukari ilikuwa ikiwasumbua zaidi. Mtoto aliye tumboni husoma hali ya nje kupitia damu ya mama. Akiambiwa dunia ni kame, anaunda mwili wa kuweka akiba. Dunia ikibadilika baada ya yeye kuzaliwa, mwili wake hauna habari.

Watafiti waliowapima watoto wa mitaa ya mabanda ya São Paulo, Brazili, waliona kitu cha jamii hiyo hiyo. Watoto waliodumaa walichoma mafuta kidogo kuliko majirani zao wenye urefu wa kawaida. Yaani mtoto aliyenyimwa chakula akiwa mdogo hurithi mwili unaokumbatia mafuta. Ukimlisha andazi na soda sawa na mwenzake, yeye ndiye atakayeyaweka kiunoni.

Sasa tazama kwetu. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2014 ulikuta karibu nusu ya watoto wa Kitui walio chini ya miaka 5 wamedumaa, asilimia 46, kiwango cha juu kabisa nchini kikiwa sawa na cha Pokot Magharibi. Uchunguzi wa 2022 ulikuta asilimia 25. Hizo ni habari njema, na wauguzi, akina mama na wahudumu wa vijijini waliozileta wanastahili heshima. Lakini hesabu miaka. Mtoto aliyedumaa akiwa na umri wa miaka 3 mwaka 2014 ni kijana wa sekondari leo. Amepita kubalehe au yumo ndani yake, na anapita kila siku mbele ya kibanda cha chipsi. Nyuma yake wanakuja waliozaliwa katika ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, mvua zilipokosa msimu baada ya msimu mpaka misimu mitano ikapita katika maeneo mengi ya mashariki na kaskazini mwa Kenya. Hao wanaingia shule ya chekechea sasa. Watabalehe katika miaka ya 2030, na watakachokuwa wakila ndicho tunachokijenga leo kandokando ya barabara.

Uchunguzi huo huo wa 2022 ulionyesha kwamba zaidi ya wanawake 4 kati ya 10 nchini wana uzito uliozidi. Mwaka 2014 walikuwa 1 kati ya 3, na 2009 walikuwa 1 kati ya 4. Unaweza kuona nyumba moja yenye bibi aliyekonda, mama mwenye presha na kisukari, na mtoto mfupi mwenye tumbo. Wote wanakula chungu kimoja. Je, utawapangia miradi mitatu tofauti?

Buyu linalokwenda Mombasa na kurudi

Anayesafiri barabara ya Mombasa kupita Kibwezi hadi Mtito Andei huiona mibuyu imesimama kama wazee wa baraza. Tulipokuwa wadogo tulipasua buyu kwa jiwe, tukalamba unga wake mkavu mpaka ulimi ukakunjamana. Unga ule una vitamini C nyingi, na mbegu tulizifyonza siku nzima. Siku hizi wachuuzi hununua mabuyu kwa magunia yakapelekwa pwani. Huko hupikwa katika sukari na rangi nyekundu, yakafungwa katika vijikaratasi vya plastiki, yakarudi kuuzwa mbele ya lango la shule yetu kwa shilingi tano au kumi. Mtoto wa Kibwezi ananunua tunda la kwao likiwa limegeuzwa peremende.

Hadithi hiyo ndiyo ya vyakula vyetu vingi. Makueni ni kaunti ya maembe na machungwa, na kiwanda cha Kalamba kinakamua maembe hayo, lakini mtoto wa Makueni hunywa maji yenye rangi ya chungwa na sukari ndani ya kichupa. Kitui ni nchi ya ndengu, kunde, mbaazi na mtama, lakini asubuhi mtoto hupewa kangumu, lile andazi gumu, na chai yenye sukari vijiko vitatu. Soda ya nusu lita ina takriban gramu 50 za sukari, zaidi ya vijiko 12 vya chai. Shirika la Afya Duniani linasema ingefaa mtu mzima asizidishe gramu 25 hivi kwa siku nzima. Nani kati yetu angemtilia mtoto vijiko 12 kwenye kikombe kimoja? Na bado siku ya wazazi kutembelea shule ya bweni tunabeba kreti.

Simlaumu mama. Kabla ya kumwambia arudie muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, na nzuu, yaani mbaazi, hesabu kuni. Muthokoi na maharagwe huchukua saa nyingi mekoni, na makaa yamepanda bei, na maji ya kuroweka ni ya mtungi ulionunuliwa. Mafuta ya kupima ya shilingi ishirini na unga wa ngano hutoa chapati kabla ya jua kuzama. Mama anayerudi kutoka kwa kibarua saa kumi na mbili jioni anachagua kinachoiva. Mwenye njaa hana miiko. Anayetaka chakula cha asili kirudi mezani aanze na moto na maji, asianze na mahubiri. Kwa bahati ndengu huiva upesi kuliko maharagwe, nasi ndio wakulima wake wakuu. Lakini tunaiuza yote kwa mabroka siku ya kuvuna, tukabaki na gunia la mahindi.

Kuna jingine gumu kulisema, kwa kuwa linagusa mapenzi. Kwetu mtoto mnene ni sifa. Bibi akimwona mjukuu mwenye mashavu hufurahi, anajua nyumba hiyo inakula. Baba anayefanya kazi Nairobi hurudi mwisho wa mwezi na mkate wa siagi, biskuti na soda, akitaka mtoto ajue alikumbukwa. Aliyepitia Nikw'a Ngwete ana haki ya kufurahia mwili ulioshiba. Lakini uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mafuta yanayojificha kwenye ini na kuzunguka matumbo hayaonekani kwenye mashavu.

Msichana wa darasa la nne

Nilimkuta mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mwanamke mpole, amekaa na msichana nyuma ya darasa akimfunga sweta kiunoni. Msichana alikuwa na miaka 9, darasa la nne. Alidhani ameumia. Hakuna aliyekuwa amemwambia lolote, kwani mama yake alingoja afike umri ambao yeye mwenyewe alianza, miaka 14 au 15.

Kwa kawaida msichana huanza dalili za kubalehe kati ya miaka 8 na 13, na mvulana kati ya 9 na 14. Hedhi hufuata baada ya miaka miwili hivi tangu matiti yaanze. Njaa huchelewesha safari hiyo, na ndiyo maana mama zetu walichelewa. Unene huiharakisha kwa wasichana. Seli za mafuta hutoa homoni iitwayo leptini, ambayo hupeleka habari kwenye ubongo kwamba akiba imetosha kubeba mimba. Ubongo nao unaamini. Mafuta hayo hayo hutengeneza homoni ya kike zaidi. Mwaka 1991 watafiti wa Sweden waliandika kuhusu wasichana waliozaliwa India na kuasiliwa na familia za Sweden. Wengi walifika wamedumaa, wakapata chakula tele, wakakua mbio, na wakavunja ungo mapema kuliko wasichana wa India na wa Sweden. Waliokuwa wamedumaa zaidi na kufidia upesi zaidi ndio waliotangulia. Nilipousoma utafiti huo niliwafikiria watoto wetu wanaohamishwa kutoka kwa bibi Kyuso kwenda kwa shangazi Mlolongo.

Mtoto anayebalehe mapema huonekana mrefu kwa mwaka mmoja au miwili, wazazi wakashangilia, kisha mifupa hufunga na wenzake wakampita. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba wakati wa kubalehe insulini ya kila mtoto, mwembamba kwa mnene, hupungua nguvu kwa robo hadi thuluthi, kisha hurudi baadaye. Ni mlima ambao mwili wenye afya huupanda ukashuka. Mtoto aliyeuanza akiwa amebeba mafuta mengi, na kongosho lililotengenezwa katika njaa, anaweza kukwama juu. Hapo ndipo kisukari kile tulichokiita cha wazee kinampata kijana wa miaka 15. Kwa vijana huenda mbio kuliko kwa wazee, kikafika kwenye figo na macho mapema. Na mwanamke aliyeanza hedhi mapema hubeba hatari kubwa kidogo ya kisukari na ya saratani ya matiti maisha yake yote.

Kuna hatari nyingine ambayo haimo kwenye damu. Msichana wa miaka 10 mwenye mwili wa miaka 16 huitwa "mama" na mwendesha boda. Hubebwa bure. Hutumwa dukani jioni kwa kuwa "ni mkubwa". Akili yake ingali ya kucheza kati, na watu wazima wameshampa umri usio wake. Anayetaka kuzuia mimba za utotoni na hajui watoto wanabalehe na miaka mingapi sasa, anaziba tundu lisilovuja.

Sheria ya Elimu ya Msingi, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2017, inataka serikali impe sodo bila malipo kila msichana aliyebalehe katika shule ya umma. Neno ni aliyebalehe. Halisemi darasa la sita wala la saba. Mwalimu yule alinunua pakiti kwa pesa zake, kwa sababu orodha ya shule yake ilianza kwa madarasa ya juu.

Wavulana pia wasisahaulike. Kwao uhusiano wa unene na umri wa kubalehe si wazi kama kwa wasichana, lakini ini lenye mafuta, presha na kisukari haviwabagui. Mvulana mnene huitwa kibonge, hukwepa uwanja ili asichekwe, kisha akanenepa zaidi. Sijapata kuona mtoto aliyepungua kwa kuaibishwa.

Kijitabu huisha akiwa na miaka mitano

Kila mama wa Kenya anakijua kijitabu cha mama na mtoto. Uzito huandikwa, mstari huchorwa, muuguzi hukunja uso mstari ukishuka. Kisha mtoto hufikisha miaka 5, kijitabu kikawekwa kwenye sanduku pamoja na cheti cha kuzaliwa. Kuanzia hapo anapimwa na nani? Shule humpima hesabu na lugha. Kanisa humpima Katekisimu. Mwili wake haupimwi na yeyote mpaka augue.

Nairobi angalau tulichungulia. Utafiti wa kimataifa uliofanywa katika nchi 12 ulipima watoto wa Nairobi wa miaka 9 hadi 11, na karibu 1 kati ya 5 alikuwa na uzito uliozidi. Mwaka 2025 UNICEF ilitangaza kwamba, duniani kwa jumla, watoto na vijana wenye unene wa kupindukia sasa wamewazidi wenye uzito pungufu, isipokuwa Kusini mwa Asia na Afrika kusini mwa Sahara. Wapo watakaolisoma neno "isipokuwa" na kulala usingizi. Mimi naona muda tuliobakishiwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe tunajua bei yake. Ni dawa za kila mwezi, vijiti vya kupimia sukari, nauli ya kwenda hospitali ya rufaa na mbuzi wa karo kuuzwa mmoja mmoja, kwa mgonjwa ambaye ataishi na ugonjwa huo miaka 50. Makueni ilionyesha nchi nzima mwaka 2016 kwamba kaunti inaweza kuamua, familia ilipolipa shilingi 500 kwa mwaka ikatibiwa katika hospitali za kaunti. Hakuna bima itakayostahimili kizazi kizima cha wagonjwa wa kisukari wa miaka 20.

Kinachotakiwa hakihitaji jengo jipya. Mnamo Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 walipewa mikoba nchini, na ndani yake mna mizani, kipima presha na kipima sukari. Wanaingia nyumbani, wanampima mtoto mchanga, wanampima bibi. Yule wa miaka 10 yuko shule. Basi waende shuleni, mara moja kila muhula, siku ya dawa za minyoo ikiwezekana, wapime urefu, uzito na kiuno, watazame shingo, kwa faragha na bila kusoma majina mbele ya darasa. Halmashauri za shule ziamue nini kinauzwa langoni. Wali na ndengu saa sita mchana, maji safi na saa moja ya kukimbia kila siku vitafanya mengi kuliko hotuba zangu.

Nyumbani hata mizani si lazima. Kuna kipimo ambacho madaktari wa Uingereza wanawashauri wazazi wa watoto wa miaka 5 na zaidi, kwamba kiuno kisifikie nusu ya urefu. Nilimwonyesha mmoja wa akina mama wale wa karai na jiwe. Alikuwa na kiondo ambacho hakijaisha, akakata uzi wa katani, akamsimamisha mwanawe ukutani, akaupima uzi toka kisigino hadi utosini, akaukunja mara mbili na kumzungushia kiunoni. Ncha hazikukutana. Zilibaki mbali kiasi cha vidole vinne. Aliupima tena, polepole, akidhani amekosea kukunja.

Halafu akauliza zahanati hufunguliwa saa ngapi Jumatatu. Mtoto alikuwa ameliokota jiwe karaini, amelishika nyuma ya mgongo. Mama alilichukua mkononi mwake akalirusha kwenye ua la minyaa, akaanza kumpaka mafuta shingoni kwa kiganja.